Joto la bati: foili bila nafasi ya hewa ni pesa iliyopotea

Saa 9 alasiri mwezi Februari, simama chini ya dari, inua kiganja karibu nayo bila kuigusa. Joto unalolisikia mkononi linatoka kwenye bati lililopigwa jua tangu asubuhi. Linaichoma dari kwa mbali, vile jiko la mkaa linavyokuchoma uso. Kwa hiyo Dar es Salaam ukikarabati paa, anza na karatasi ya alumini, ile mafundi wanayoiita foili. Sufi ya kioo, yale matandiko ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto, ifuate baadaye, tena juu ya dari za vyumba tu kama bajeti inabana.

Foili huzuia joto pale tu uso wake unaong'aa unapotazamana na hewa, nafasi ya sentimita 2.5 au zaidi. Ikilala moja kwa moja kwenye bati, inachemka pamoja nalo. Na usikubali fundi aitandaze juu ya dari huku mng'ao ukitazama juu: vumbi litaufunika. Mng'ao utazame chini.

Ukiezua mpaka papi, zile mbao zinazobeba bati, foili ipite juu ya kenchi, yaani fremu za mbao za paa, kisha papi za inchi 2x2 zipigiliwe juu yake. Unene wa papi ndio nafasi yenyewe. Usipoezua, fundi apande darini aibane kwa stapla chini ya mbao za juu za kenchi, aache upenyo kileleni ili hewa ya moto itoke. Kwanza zimeni umeme kwenye meni swichi. Pini ikitoboa waya, foili nzima inabeba umeme na mtu anaweza kufa.

Anzia chini kwenye fisha bodi, ubao wa ukingo wa paa, ukipanda, kipande cha juu kikilalia cha chini kwa sentimita 15. Usiku bati hupoa na kutoa jasho, na mapishano yakigeuzwa maji yote yanaingia darini.

Vipimo: nyumba ya mita 10 kwa 12, paa likitokeza sentimita 60 kila upande, ni 11.2 kwa 13.2, yaani mita za mraba 148. Kwa mwinuko wa nyuzi 30 zidisha kwa 1.155, upate 171. Ongeza asilimia 10 ya mapishano: 188. Gawanya kwa eneo lililoandikwa kwenye roli.

Sufi, ukiiweka, ilale bila kugandamizwa, mbali na taa zilizozamishwa kwenye dari maana zitaungua. Ziba kila tundu la msumari kwenye bati kabla. Sufi iliyolowa haizuii joto, na uzito wake huangusha jipsamu. Fundi avae glavu, barakoa na mikono mirefu.

Yote haya yanahitaji matundu ya hewa: mengine chini ya upenu, mengine juu kwenye kuta za pembetatu, pande zote mbili. Yafunikwe kwa wavu imara, la sivyo popo watahamia, na mkojo wao utaichafua dari mpaka harufu ishuke chumbani. Wavu usuguliwe vumbi kila mwaka.