Una 38 ya Hisabati na unataka uhandisi

Wiki hii binti mmoja wa kidato cha tatu ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuwa mhandisi wa umeme. Fizikia napata 61, Hisabati 38. Mwalimu ananiambia niache Fizikia na Kemia nihamie masomo ya sanaa. Baba naye anasema diploma ni ya waliofeli. Nifanye nini? Na je, ninunue kompyuta?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenye swali lako ni wengi, na wengi wao wanauliza wakiwa wameshachelewa.

La kwanza, usiiache Fizikia. Huo ni uamuzi wa kidato cha tatu usio na njia rahisi ya kurudi. Hisabati mbovu inatengenezeka, lakini Fizikia ambayo hukuifanyia mtihani haitengenezeki. Ukiikosa kwenye cheti cha kidato cha nne, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha tano na sita) haipo na diploma ya umeme haipo. Utabaki kutafuta namna ya kurudia mtihani kama mtahiniwa binafsi, na huko maabara unajitafutia mwenyewe.

Sasa hiyo 38. Kwa viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani, vya kidato cha nne, D ni 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64. Kati yako na C kuna alama 7. Pepa ya Hisabati ina maswali 10 ya alama 6 sehemu A na maswali 4 ya alama 10 sehemu B, kwa hiyo alama 7 ni swali moja na kidogo. Mwalimu anayekwambia usahau sayansi kwa pengo la swali moja amechoka, na uchovu wake usiufanye mwongozo wa maisha yako.

Ukikagua daftari za wanafunzi wa thelathini na kitu, mara nyingi mada wameielewa. Wanaanguka kwenye alama za kujumlisha na kutoa na kwenye sehemu (fractions). Mfano: 3 − 2(x − 4). Anaandika 3 − 2x − 8, wakati ni 3 − 2x + 8, na kuanzia hapo hata akifuata hatua zote sawasawa jibu limeshaharibika. Kosa hilo moja linamla kwenye aljebra, kwenye vekta, kwenye matriki, kila mahali, naye anaamini kuwa mada zote zimemshinda.

Kwa hiyo usianze kwa kufanya pepa nzima nzima. Kusanya mitihani iliyopita, uikate kwa mada: maswali yote ya logarithimu pamoja, yote ya trigonometria pamoja. Fanya kumi ya mada moja mfululizo. Kila ulilokosa, usinakili jibu sahihi tu. Tafuta mstari ulipopotea, uuandike kwenye daftari la pembeni. Baada ya muda mfupi utaona makosa yako ni manne au matano yanayojirudia. Takwimu, hesabu za biashara na matriki hatua zake hazibadilikibadiliki, hizo zitakupa C. Aljebra na trigonometria ndizo zitakazokubeba baadaye, kwa hiyo usizikimbie hata kama C umeshaipata bila hizo.

Kuhusu kombi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. PCM ndiyo njia iliyonyooka. PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) nayo inafungua milango mingi ya uhandisi kwa kuwa ina Fizikia na Hisabati ya juu. EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) ina Hisabati lakini haina Fizikia, na PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) ina Fizikia lakini Hisabati yake ni ile fupi ya BAM. Zote mbili watu huzichukua wakidhani watahamia uhandisi mbele ya safari, kisha wanakwama kwenye dirisha la udahili. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni pasi kuu (principal pass) mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. D mbili zinafika. E mbili hazifiki, hata kama cheti kinasomeka umefaulu. Hicho ni kizingiti cha kuomba tu. Kwenye kozi zinazogombewa wanaoingia wako juu zaidi ya hapo.

Na baba yako, kwa heshima zote, hapo kwenye diploma amekosea.

Diploma ya uhandisi ni miaka 3 baada ya kidato cha nne, ngazi za elimu ya ufundi ziitwazo NTA 4, 5 na 6, kila moja mwaka mmoja. Sifa za kuingia kwa kawaida ni D nne zisizo za dini, Hisabati na Fizikia zikiwemo, na kozi nyingi zinataka Kemia pia. Angalia mwongozo wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wa mwaka wako. Vyuo vipo: DIT (taasisi ya teknolojia) hapo Dar, Chuo cha Ufundi Arusha, MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia) Mbeya, Chuo cha Maji kwa wanaotaka maji, NIT (chuo cha usafirishaji) kwa magari na usafirishaji. Ukimaliza na GPA ya 3.0 unaomba shahada. Piga hesabu: kidato cha tano na sita miaka 2, shahada 4, jumla 6. Diploma 3, shahada 4, jumla 7. Tofauti ni mwaka mmoja, na katika mwaka huo una cheti cha kukuajiri mkononi na umeshafunga mota na kusoma michoro ya umeme wakati mwenzako wa PCM hajawahi kushika multimita. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya kozi za diploma. Wazazi wanaoona aibu mtoto kwenda DIT ndio hao hao wanaomuita fundi wa diploma jenereta ikizima.

Udhaifu wa njia hiyo ni kalkulasi. Mwenye diploma akifika chuo kikuu anakutana na Hisabati ya mwaka wa kwanza ambayo wa PCM ameshaionja, na hapo ndipo sapu, mitihani ya kurudia, zinapoanza. Dawa yake ni kusoma tofautishi na utangamanisho (differentiation na integration) kwa kitabu cha kidato cha sita ukiwa bado NTA 5, usisubiri.

Rudi kwenye Fizikia, maana 61 yako inaweza kuwa 75 kwa praktiko peke yake. Nakupa moja unayoweza kuifanya nyumbani leo: pendulamu. Tafuta uzi, nati nzito ya chuma, futi kamba, na stopuwochi ya simu. Urefu sm 100, kisha 90, 80, 70, 60, 50. Vuta nati kidogo tu: kwa uzi wa sm 100 usizidi sm 15 pembeni, kwa sm 50 usizidi 8, kwa sababu pembe ikipita nyuzi 10 hivi kanuni inaanza kudanganya. Pima muda wa mibembeo 20, gawa kwa 20 upate T, kisha T². Chora grafu ya T² dhidi ya L. Ukiandika L kwa mita, slopu iwe karibu na 4.0, na g, yaani mchapuko wa graviti, ni 39.48 gawanya kwa slopu.

Makosa mawili yanawamaliza watu hapa. La kwanza ni kuhesabu "moja" wakati wa kuachia nati. Unapoachia ni "sifuri". Ukisema "moja" umepima mibembeo 19 ukidhani ni 20: badala ya sekunde 40.1 kwenye sm 100 unapata 38.1, na g inatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Ukiona g ya 10.9, usilaumu uzi.

La pili ni kupima urefu hadi juu ya nati badala ya katikati yake. Hilo lina tabia nyingine kabisa: slopu haibadiliki, g inatoka sawa, ila mstari haupiti kwenye asili (0,0), unakata mhimili wima juu kidogo ya sifuri. Wanafunzi wakiona hivyo wanaulazimisha mstari upite asili kwa rula, na hapo ndipo wanapoiharibu slopu iliyokuwa nzima. Grafu ilikuwa inakwambia umekosea wapi, wewe ukaiziba mdomo. Kazi ya uhandisi kwa sehemu kubwa ni kusoma makosa ya namna hiyo, kwa hiyo jizoeze mapema. Na slopu ichukue kwenye pointi mbili za mstari zilizo mbali, usitumie namba za jedwali.

Karatasi nazo. Leo hii toa cheti chako cha kuzaliwa, ulinganishe na jina ulilosajiliwa shuleni, herufi kwa herufi. Mohamed na Mohamedi ni watu wawili kwenye mfumo. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na jina likigongana na la NECTA utaanza kutafuta viapo na hati ya kubadili jina huku dirisha linafungwa. Kabla hujasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, kurekebisha ni safari moja ya ofisini.

Shahada nayo haikufanyi mhandisi kisheria. Unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya usimamizi. Mpango wao wa mafunzo kazini kwa wahitimu, SEAP, ulioanza 2003, ni wa miaka 3, na unaandika ripoti za kazi zako kwa mhandisi anayekusimamia. Jumlisha na ile 6 au 7. Anayekwambia ni miaka minne hajakuhesabia yote.

Uliuliza pia kama ununue kompyuta. Sasa hivi hapana. Nunua kikokotoo cha kisayansi, ujifunze kukihamisha kati ya digrii na radiani. Bonyeza sin 1: ikitoka 0.017 kiko kwenye digrii, ikitoka 0.841 kiko kwenye radiani. Kwenye kidato cha nne utakiacha digrii. Ukianza kalkulasi utakihamisha, na ukague kabla ya kila pepa inayokiruhusu.