Maswali ya Wasomaji: Wacuba wa Miami, rangi zao na kura zao

Assalamu alaykum, wahariri. Wacuba niwajuao ni wanamichezo akina Teófilo Stevenson na Javier Sotomayor, weusi kama sisi. Mbona wanaotajwa kwenye siasa za Marekani ni weupe karibu wote?
Msomaji, Majengo

Waalaykum salaam. Tazama kwanza nani aliondoka mapema. Mapinduzi ya Fidel Castro yalishinda Januari 1959, na waliotoka hadi 1962 walikuwa hasa wenye mashamba, wenye viwanda na wasomi, wengi wao weupe. Kisha, kati ya 1965 na 1973, ndege zikawa zinawabeba watu kutoka Varadero, Cuba, hadi Miami, mji wa jimbo la Florida, na aliyetangulizwa ni mwenye jamaa aliyekwisha kufika. Jamaa wa mweupe kwa kawaida ni mweupe, basi safu ikajirudia bila sheria kutaja rangi popote. Mcuba mweusi naye hakuwa na haraka ya kutoka: fukwe na vilabu alivyokuwa akizuiwa vilifunguliwa na mapinduzi hayo hayo. Mambo yaligeuka 1980, watu wapatao 125,000 walipoondokea bandari ya Mariel, wakiwemo weusi na chotara wengi kuliko zamani, kisha 1994 kwa waliovuka bahari kwa vyelezo. Watu wa Mariel walitazamwa kwa jicho la pembeni, hata na Wacuba wenzao.

Jambo la pili ni fomu. Sensa ya Cuba ya 2012 ilitoa weupe asilimia 64.1, chotara 26.6, weusi 9.3. Sensa ya Marekani ya 2010 ikaonyesha kiasi cha asilimia 85 ya wenye asili ya Cuba wamejiandika weupe. Tofauti hiyo kwa sehemu ni ya wale waliotangulia, na kwa sehemu ni ya kalamu. Fomu ya Marekani iliuliza asili ya Kihispania kwanza, rangi baadaye, na kisanduku cha chotara wa Kicuba hakikuwepo. Aliyekuwa mulato Havana alichagua weupe, weusi, "nyingine", au akatia alama zaidi ya moja. Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, anayekumbuka jinsi kuandikwa Mwarabu kulivyokuwa na uzito wa kura enzi za mkoloni hahitaji maelezo zaidi.

Kwa nini Wacuba huelemea chama cha Republican, ilhali wahamiaji wengine wengi huenda Democratic? Na Wacuba weusi je, wako upande gani?
Mwalimu, Kisauni

Mwalimu, mzizi ni Aprili 1961. Wacuba wa uhamishoni waliofunzwa na Marekani walijaribu kuivamia Cuba wakashindwa pale Playa Girón (Ghuba ya Nguruwe), na lawama zikamwangukia Rais Kennedy, Mdemocrat, kwa kuwanyima msaada wa ndege za kivita. Rais Reagan, Mrepublican, aliikuta hasira hiyo ikiwa bado moto. Mwaka 1981 Jorge Mas Canosa na wenzake waliunda Cuban American National Foundation, chombo cha kusukuma vikwazo dhidi ya Havana, na mwaka 1989 Ileana Ros-Lehtinen, Mrepublican, akawa Mcuba wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Lakini si kamba isiyokatika. Mwaka 2012 Obama, Mdemocrat, alipata karibu nusu ya kura za Wacuba wa Florida, kisha enzi za Trump upepo ukarudi kulekule.

Rangi haitabiri kura kwa urahisi unaodhaniwa. Enrique Tarrio, aliyeliongoza Proud Boys, kundi la mrengo mkali wa kulia, hujitambulisha kuwa Mcuba mwenye asili ya Kiafrika. Mweusi aliyeikimbia serikali ya Havana anaweza kuichukia sawasawa na mwenye shamba lililotaifishwa.

Rangi huonekana zaidi pale jamii mbili zinapogongana. Juni 1990 Nelson Mandela, miezi michache tu tangu atoke gerezani, aliulizwa kwenye televisheni kuhusu urafiki wake na Castro. Hakuukana, kwa kuwa Cuba ilikuwa imepeleka askari Angola kupigana na jeshi la makaburu. Siku chache baadaye alipofika Miami Beach kuhutubia mkutano wa chama cha wafanyakazi, mameya wa Kicuba walikuwa wamekwisha kutia saini barua ya kumlaani, na serikali ya mji ikakataa kumpokea kwa heshima. Weusi wa Miami walijibu kwa mgomo wa utalii: mikutano mikubwa ikahamishwa, hoteli zikapoteza wageni, na mgomo haukuisha hadi 1993. Mcuba mweusi alikuwa katikati, Kihispania chake kikimtenga na Wamarekani weusi na ngozi yake ikimtenga na Wacuba. Kwa maoni yetu, kisa hiki kinafundisha kuliko jedwali lolote la kura.

Naandika insha ya chuo. Nisome vipi kura za maoni za Wacuba nisipotoke?
Mwanafunzi, Tudor

Tazama kwanza walioulizwa ni nani: wakazi wote, raia, au waliojiandikisha kupiga kura. Mcuba aliyeingia kwa kibali huweza kuomba makazi ya kudumu baada ya mwaka mmoja na siku moja, kwa sheria ya 1966, lakini kura ni ya raia, na uraia huja baada ya miaka ya makazi. Mamia ya maelfu walioingia kuanzia mwishoni mwa 2021, wengi wakipitia Nicaragua, hawakuwa wapiga kura Novemba 2024. Ukiwachanganya na wapiga kura, hesabu yako imeharibika.

Kisha gawanya majibu kwa mwaka wa kufika kabla ya kuyagawa kwa rangi, maana ukianza na rangi utadhani ni rangi inayosema kumbe ni wimbi la uhamiaji. Kura ya maoni ya chuo kikuu cha FIU (Florida International University), inayofanywa Miami tangu 1991, hukuruhusu kufanya hivyo. Kumbuka tu kwamba inahusu kaunti moja, Miami-Dade. Angalia pia weusi walioulizwa ni wangapi. Wakiwa thelathini au arubaini, asilimia yao hupanda na kushuka kwa majibu ya watu watatu, kwa hiyo andika idadi, usiandike asilimia. Na ukilinganisha miaka, angalia swali la rangi liliulizwaje kila mara, maana Machi 2024 serikali ya Marekani iliamua kuunganisha swali la asili na la rangi kuwa moja.