Kabla hujabeba TV mpya, iwashe nusu saa palepale dukani

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, TV yake ya chogo imekufa, fundi kamwambia hakuna cha kutengeneza hapo, ana laki nne na anataka flati ya inchi 43. Dada yangu, meseji yako imenirudisha kwenye kitu ambacho bado kinaniuma.

Mi chogo yangu inchi 21 ilinifaa sana. Hata walipozima analojia Dar, Desemba 31, 2012, nilitafuta king'amuzi nikachomeka zile waya tatu, njano nyeupe na nyekundu, maisha yakaendelea. Sasa Mei 2025 Simba anacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, nikasema hii fainali siangalii kwenye chogo.

Nikaenda Kariakoo, duka silitaji. Kijana akawasha TV dakika mbili hivi, kaweka flashi yenye video ya samaki wa rangi, mnajua zile video zinavyong'aa, akasema kaka hii 43, mzigo umeshuka jana. Nikatoa laki nne na nusu, akaniandikia risiti ya mkono, nikapanda bajaji na boksi langu nimelikumbatia kama mtoto.

Marudiano yalikuwa Mei 25 pale Amaan, Zanzibar, tunadaiwa mbili za kule Morocco. Sebuleni pamejaa majirani. Dakika ya 17 Mutale kafunga, tumeruka wote, na hata mapumziko hayajafika kioo kikawa cheusi, sauti inaendelea kutoka kama kawaida. Jirani mmoja akamulika tochi ya simu karibu kabisa na kioo, tukaona wachezaji kwa mbaali kama vivuli wanakimbia. Picha ipo, taa za nyuma ndo zimekufa. Mechi tukaimalizia kwa kusikiliza, 1-1, kombe likaenda.

Fundi alipoifungua akanionyesha zile taa, zimepangwa kwenye vipande na zinafuatana, moja ikikata zinazima zote za mstari ule, na mbili zilishachomelewa risasi na mtu mwingine zamani. Yaani nimeuziwa used kwa bei ya mpya. Tukapima kioo kona kwa kona, sentimita 102, hiyo ni inchi 40. Inchi 43 ni sentimita 109. Nilivyorudi dukani yule kijana kaniangalia kama hajawahi kuniona, eti risiti haina jina la duka wala namba ya TV. Mke wangu alikuwepo pembeni. Ile aibu sijaisahau.

Kwa hiyo dada, iwashe. Usione haya, kaa nusu saa nzima, wakinuna wanune, hela ni yako. Usikubali video ya flashi, waambie waweke chaneli ya kawaida ya habari, uangalie sura za watu na yale maandishi yanayopita chini. Weka picha nyeupe tupu uone kama kuna mabaka. Nenda na tepu upime kioo chenyewe, fremu haihesabiwi. Risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na modeli na serial namba viandikwe, bila hivyo usitoe hela. Na narudia, iwashe! Tunanyimana usingizi kutafuta hela halafu tunaitoa kwa dakika mbili kwa sababu muuzaji katuita kaka, katuita dada, jamani tuheshimu jasho letu.

Na kwa laki nne mimi nisingekimbilia 43, chukua 32 mpya ya uhakika yenye king'amuzi cha ndani, DVB-T2, chumba cha kawaida inatosha kabisa. Ndo niliyonunua mimi safari ya pili, duka lingine, nilikaa mpaka wakanipa kiti. Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye settings nikashusha baklaiti, yaani mwanga wa zile taa za nyuma, kutoka 100 hadi 60, maana fundi kaniambia taa zikipunguzwa ukali hazipati joto sana, zinadumu. Siku ukienda nipigie video call, kaa nayo hapo dukani tuiangalie wote.