Jibu: Usiunge makontena na domeni, ipe huduma yenyewe akaunti

Mkuu, umesema programu yenu ya wavuti iko kwenye makontena (vifurushi vinavyoendesha programu) matatu ya Linux nyuma ya nginx, seva inayopokea maombi ya wavuti, na wafanyakazi wanataka kuingia kwa akaunti zilezile wanazofungulia kompyuta zao za Windows asubuhi, bila kuandika nywila tena. Ukauliza makontena hayo yanaungwaje na domeni, yaani mtandao wa Windows wenye akaunti zote za ofisi. Nimeendesha mfumo wa namna hiyo kazini kwa miaka minne, na nakuomba uiache kabisa njia hiyo.

Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi, haijali programu inakaa kwenye mashine ipi. Kivinjari kinaomba tiketi ya jina la huduma, tuseme HTTP/portal.ofisi.local, na Active Directory, saraka ya akaunti za domeni, inaifunga tiketi hiyo kwa ufunguo wa akaunti inayomiliki jina hilo. Jina moja, akaunti moja. Ukiunga makontena matatu unapata akaunti tatu za kompyuta, na jina haliwezi kuwa la zote. Halafu kila mnapotoa toleo jipya, kontena linakufa na akaunti yake inabaki yatima kwenye saraka.

Tengeneza akaunti moja ya kawaida isiyo na madaraka yoyote, nywila ndefu, usimbaji wa AES256 umewashwa. Ipe jina la huduma kwa amri ya setspn -S, maana -S inakagua kwanza kama jina lina mwenyewe. Toa faili la funguo, keytab, na makontena yote matatu yasome hilohilo. Tafadhali usiliweke ndani ya imeji, kiolezo kinachoundia kontena! Mwenye ufunguo huo anaweza kujitengenezea tiketi na kuingia kwenye programu yenu kwa jina la mfanyakazi yeyote. Lipachike wakati wa kuwasha kontena, liwe la kusoma tu, na njia yake iandike kwenye kigezo cha mazingira KRB5_KTNAME.

Sasa niseme palipotuumiza. Mara ya kwanza tulipobadilisha nywila ya akaunti ya huduma ilikuwa saa tano asubuhi. Nikatoa keytab mpya, nikawasha makontena upya, nikaingia bila shida. Jirani yangu naye akaingia. Wahasibu wote wakapata 401, yaani walikataliwa kuingia. Nusu siku ilikwisha nikikagua vikundi vyao kwenye saraka, kumbe wao walikuwa ndani ya mfumo tangu saa mbili. Kompyuta zao zilibeba tiketi zilizofungwa kwa ufunguo wa zamani, na tiketi hudumu masaa 10 kama hamjagusa mipangilio. Kila ufunguo una namba ya toleo, kvno: tiketi zao zilitaka 3, faili langu lilikuwa na 4 tu. Siku hiyo tulizunguka meza kwa meza na klist purge, amri ya kufuta tiketi. Tangu hapo naunganisha ufunguo mpya na wa zamani kwenye faili moja kwa ktutil, wa zamani nautoa kesho yake. Kumbuka pia ktpass, amri ya Windows ya kutoa keytab, kwa kawaida huandika upya nywila ya akaunti, kwa hiyo ukiiendesha "kujaribu tu" keytab mliyonayo inakufa.

Upande wa DNS, jina la portal liwe rekodi ya A, inayoelekeza moja kwa moja kwenye anwani ya IP. Likiwa CNAME, yaani jina linaloelekeza jina lingine, Chrome hulifuata hadi jina la mwisho na kuomba tiketi ya hilo, ambalo hamkulisajili. Ukitaka kujua kivinjari kimetuma nini, tazama kinachofuata neno Negotiate kwenye kichwa cha ombi: kikianza na YII ni Kerberos, kikianza na TlRM kimerudi kwenye NTLM, njia ya zamani ya Windows ya kuthibitisha watumiaji, na hapo tafuta kosa kwenye majina. Wenye vikundi vingi hubeba tiketi kubwa. Nginx ikiwarudishia kosa la 400, ombi lina vichwa vikubwa mno, ongeza large_client_header_buffers, maana chaguo-msingi ni 8k. Saa ya kontena ni ya seva mama, nayo isipishane na domeni zaidi ya dakika 5.

Kama siku moja mtahamia makontena ya Windows, huko kuna gMSA, akaunti maalum ya huduma, ambayo nywila yake Active Directory huibadilisha yenyewe kila siku 30.

Weka hapa matokeo ya setspn -Q kwa jina la portal, na ya klist -k ukiwa ndani ya kontena. Iwe -k ndogo peke yake, usiongeze -K kubwa, hiyo inaonyesha funguo zenyewe.