Boti Kuukuu Niliyoinunua: Nianzie Wapi?

SWALI: Nimenunua boti ya faibaglasi iliyokaa nchi kavu miaka kadhaa, yenye injini ya petroli inayofungwa nje kwenye shetri, yaani ukuta wa nyuma wa boti. Natamani kuanza kwa kuipaka rangi. Je, niko sahihi?

JIBU: Rangi isubiri. Anza na shetri, kwa maana ndiyo inayobeba uzito wa injini na msukumo wake wote: igonge taratibu kwa nyundo ndogo ya plastiki, na ukisikia sauti butu badala ya mlio mkali, huenda mbao zilizofunikwa ndani ya faibaglasi zimelowa na kuoza, na hapo hapana budi kuzikata na kuweka mpya kabla ya kazi nyingine yoyote. Kagua pia matundu ya skrubu, ambamo maji hupenya.

Badilisha impela, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu ya maji ya injini, hata kama yaonekana nzima, kwa kuwa mpira uliokaa bila kazi hukakamaa. Ondoa petroli ya zamani tangini. Na usiiwashe injini kamwe pasipo maji ya kuipooza. Mipira ya kupitishia mafuta iliyopasuka ndiyo ninayoihofia kuliko yote, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya swichi yatosha kuulipua.