Kazi za sera za sayansi ukiwa Arusha: usisubiri tangazo lenye jina hilo

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu mwenye shahada ya uzamili kutoka chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru anaweza kuishi kwa utafiti na ushauri wa sera za sayansi akiwa hapahapa Arusha, au afungashe aende Nairobi. Kazi hizi nimezifanya kwa mkataba na kwa kujitegemea, nakujibu kwa niliyoyaona.

Inawezekana, ila ukikaa kusubiri tangazo la "mtafiti wa sera za sayansi" utazeeka. Watu wengi wanaona jengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki pale mjini, wanadhani kazi zote za kanda zimo humo. Kamisheni ya sayansi na teknolojia, EASTECO, iko Kigali. Ya utafiti wa afya iko Bujumbura, ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Tena ajira za Jumuiya huzingatia mgao wa nchi wanachama, ambazo sasa ni 8. Unaweza kuwa na sifa zote ukakuta mgao wa nchi yako umeshajaa. Omba, lakini usiyajenge maisha juu ya hilo.

Kazi zenyewe zimejificha ndani ya sekta. TPHPA pale Ngaramtoni wanashughulika na afya ya mimea na viuatilifu. TAWIRI wana utafiti wa wanyamapori. Moshi kuna utafiti wa tiba kwenye hospitali ya KCMC. Kote huko kuna matokeo ya utafiti yanayohitaji mtu wa kuyafikisha kwa waziri, mkurugenzi au mbunge yakiwa yameiva.

Nikupe mfano. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu za ukungu kwenye nafaka kama aflatoksini, na malori yakakwama mpakani Namanga. Kiwango cha Jumuiya kilikuwepo siku zote: aflatoksini yote kwa ujumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 peke yake isizidi 5. Baadaye nilihudhuria kikao kimoja cha wadau hapa mjini. Mtaalamu wa maabara akawasilisha mbinu za upimaji, slaidi baada ya slaidi, kazi safi kabisa. Ofisa mmoja wa biashara akanyoosha mkono: "Mkulima wa Kiteto mwenye magunia 20 anapimiwa wapi, na nani analipa?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Anayeweza kulijibu swali hilo kwa kurasa mbili, akijua maabara iko wapi, kipimo kinagharimu kiasi gani na sheria inampa nani mamlaka, ndiye anayepigiwa simu. Kwa hiyo chagua eneo moja ulijue hadi sheria zake na kanuni zake. Mtaalamu wa "sera kwa ujumla" hapa hana soko, nakwambia ukweli.

Kuhusu ushauri elekezi, usianze kwa kuomba zabuni peke yako. Ingia kama mtafiti msaidizi kwenye timu ya mtu mwenye jina. Utajifunza kusoma hadidu za rejea (maelezo ya mteja kuhusu kazi anayoitaka), kuandika ripoti ya awali, na kuvumilia warsha ya kuhakiki ambako kila mdau anataka sentensi yake iingie. Malipo huja kwa awamu, yakikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na awamu ya mwisho ndiyo inayochelewa. Mteja mmoja alinikalisha na ripoti iliyoidhinishwa kwa miezi bila kunilipa, huku kodi ya nyumba inanisubiri. Weka akiba, na TIN yako, namba ya mlipakodi, iwe safi. Kwa zabuni za serikali jisajili NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Ajira za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira.

Hali pia imebana tangu Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025. Miradi mingi iliyokuwa ikiajiri vijana wa kuandika na kuchambua takwimu ilikufa, na wakongwe waliokuwa ndani yake sasa wanagombania zabuni ndogondogo na nyinyi.

Nairobi kuna taasisi kubwa za fani hii, kama ACTS na AFIDEP, lakini utahitaji kibali cha kazi na maisha ni ghali. Mimi ningebaki Arusha, niandike muhtasari wa sera kutokana na tasnifu yangu, niupeleke kwa ofisa anayehusika na jambo hilo, kisha nitafute nafasi Nairobi nikiwa tayari nina kitu mkononi. Tasnifu yako inahusu nini hasa? Ukitaja, nitakuambia mlango wa kuanzia.