Mwanangu Neema, jibu huo wito

Mwanangu,

Marahaba. Picha za karatasi za mahakama nimezipata, nimezikuza na kuzisoma zote. Umeniuliza mambo mawili: kama ukinyamaza kesi itakufa yenyewe, na kama ni dhambi kusema deni limepitwa na muda wakati ile kadi ya mkopo kweli uliitumia.

La kwanza halina mjadala. Ukinyamaza unamrahisishia mdai kazi. Tangu upokee wito una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita, mahakama inaweza kumsikiliza yeye peke yake na kutoa hukumu ya upande mmoja. Miaka yangu ya kazi kwenye masjala ya mahakama hapa Moshi niliwaona watu wazima wenye akili zao wakija kuuliza kesi yao ilisikilizwa lini, na dalali wa mahakama ameshafika kwao kuorodhesha makochi na friji. Wengi hawakuwa wakorofi. Waliona aibu, wakauficha wito kabatini.

Sasa soma tena aya ya tano ya hati ya madai. Wameandika wenyewe kwamba ulilipa mara ya mwisho Februari 2017, na Machi hukulipa. Halafu tazama muhuri wa ukurasa wa kwanza: wamefungua shauri 2025. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba. Hesabu. Hilo liwe pingamizi lako la awali. Likikubaliwa, shauri linatupwa kabla ya ushahidi. Mahakama inapaswa kulitupa shauri lililochelewa hata mdaiwa asiposema, lakini usimwachie hakimu kazi ya kukutetea. Na ujikumbushe vizuri: baada ya Februari 2017 uliwahi kulipa chochote, au kuwaandikia ukikiri deni? Kama ndiyo, niambie mapema, maana hesabu inabadilika.

Ndiyo maana huyo kijana anayekupigia simu akikubembeleza utume hata elfu hamsini "kuonyesha nia njema", usitume. Usisaini kitu. Malipo kidogo au maandishi ya kukiri yanaweza kuwapa tarehe mpya ya kuanzia kuhesabu, na ahadi ya maandishi ya kulipa deni lililopitwa na muda inaweza kukubana upya.

Usiishie kwenye muda tu. Ulichukua shilingi 1,800,000, wanadai 7,460,000, na kwenye jedwali lao kuna mstari wa "gharama nyinginezo" wa zaidi ya milioni mbili bila maelezo hata neno moja. Tena anayekushtaki ni kampuni inayodai ilinunua deni kutoka benki. Walete mkataba wenye sahihi yako, taarifa ya akaunti tangu mwanzo, na hati iliyowapa haki ya kukudai. Pinga kila aya usiyoikubali, moja baada ya nyingine, kwa sababu dai usilolikanusha waziwazi linahesabiwa umelikubali.

Kuhusu dhambi. Mimi na baba yako tulikulea ukijua kulipa cha watu, na sitengui. Lakini hakimu anatazama kama huyu anayedai ana haki ya kudai leo, na kwa kiasi hicho. Usiape kwamba hukuwahi kuwa na kadi. Huo ungekuwa uongo na nisingekuunga mkono. Kusema wamechelewa ni kweli tupu. Sheria iliweka kikomo kwa sababu risiti hupotea, maofisa huhama, na hakuna anayeweza kutunza karatasi maisha yake yote akisubiri kudaiwa. Na wangetaka kukudai mapema wangekupata: miaka hiyo yote namba yako ya simu haikubadilika, na kazini kwako walikujua. Ukitaka kuirudishia benki salio la kweli, fanya hivyo shauri likishakwisha, kwa hiari yako.

Tafuta wakili, hata kwa andiko hilo moja tu. Ada ikikushinda, ulizia pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Arusha, kwenye jengo la mahakama, watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Kuna sheria yao tangu 2017. Jumatatu omba ruhusa kazini uende mapema. Utetezi ukishasajiliwa na upande wa pili ukapata nakala, nitumie picha ya ukurasa wenye muhuri, na unijulishe tarehe ya kutajwa. Nitapanda basi la asubuhi nije tukae wote mahakamani.

Mama yako